Mhariri, tuwekeeni maji, mwezi na upepo sehemu moja

Ndugu mhariri,

Salamu kutoka Pangani, upande wa Bweni, ng'ambo ya kivuko. Mimi ni mvuvi, nimeanza kwenda baharini na marehemu baba nikiwa darasa la tano, sasa hivi nina boti yangu ya fiberi na mabaharia, na gazeti lako tunalisoma hapa kijiweni karibu na diko, tunaposhushia samaki, kila linapofika, likishaisha kusomwa linabandikwa ukutani mpaka lije jingine.

Nina ombi moja tu. Kwenye ukurasa wa hali ya hewa mnatuwekea joto la mikoa, mvua, na siku hizi upepo na mawimbi ya baharini kama TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanavyotoa, tunashukuru sana, ila maji hamtuwekei. Yaani leo maji yanajaa saa ngapi, yanapwa saa ngapi, mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi ya mwezi mwandamo, tuko kwenye bamvua, maji makubwa, au maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo. Kwa mtu anayevulia kwenye mlango wa mto kama huu wetu upepo bila maji ni nusu ya habari, na mimi nusu ya habari iliniacha nikielea nimekumbatia dumu la petroli.

Nieleze ilivyokuwa. Ni mwaka juzi, mwezi wa tano, masika bado haijaisha na kusi, upepo wa kusini, imeshaanza kupiga. Mwezi ulikuwa 17, mpevu umepita siku mbili, bamvua limesimama hasa. Utabiri tulikuwa tumeusikia redioni jioni yake, upepo wa kawaida na mawimbi ya mita moja na kitu, na haukukosea, kule nje tulikolala na nyavu bahari ilikuwa nzuri tu. Tukavuta nyavu alfajiri, tulikuwa wanne, na samaki tulipata, kolekole na nguru wachache, barafu ikawa inaisha na mimi nikasema turudi mapema tuwahi mnada kabla wachuuzi hawajaondoka. Uamuzi ulikuwa wangu.

Tukafika mlangoni saa tatu kasoro asubuhi. Sasa hesabu mwenyewe, siku ile maji yalijaa saa kumi na moja alfajiri na yalikuwa yapwe saa tano na kitu, kwa hiyo saa tatu kasoro ni katikati kabisa ya maji kutoka, na kila mvuvi anajua saa ya kwanza maji hutembea taratibu lakini saa ya tatu na ya nne ndiyo hukimbia, nusu ya maji yote huondoka ndani ya masaa hayo mawili. Bamvua la kwetu tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu, maji mafu ni kama mita moja hivi. Mita tatu za maji ya mto mzima zinataka kutoka kwenye mlango mmoja, halafu juu yake kuna mafuriko ya masika, halafu kusi inasukuma mawimbi kutoka nje kuja ndani. Mawimbi yakikutana na maji yanayotoka hayapiti, yanasimama, yanakuwa mafupi na wima kama ukuta na yanavunjikia pale pale juu ya fungu la mchanga. Wimbi la mita moja huko nje ukilikuta mlangoni saa hiyo si la mita moja tena.

Wimbi la kwanza lilituinua tezi, yaani nyuma, omo ya mbele ikazama, mpwa wangu aliyekuwa mbele akaniita mjomba mara moja tu, la pili likatukuta tumeshakaa ubavu. Injini ikanyamaza. Nilichokumbuka baadaye ni ladha, nilimeza maji mengi na yalikuwa matamu, maji baridi ya mtoni, na tulikuwa nje kabisa ya mlango, mbele yetu ni bahari. Hapo ndipo nilipoelewa tunapelekwa nje, kwamba hata tukiogelea vipi hatutafika Bweni, na watu walikuwa wamesimama ufukweni tunawaona kabisa. Tulishikilia madumu na mbao za sakafu mpaka ngalawa ya watu wa Ushongo, kijiji cha jirani, ikatuokota. Mpwa wangu alivunjika mkono, nyavu zote na injini vilikwenda, wote wanne tukarudi hai na Mungu namshukuru mpaka leo.

Boti nyingine ilikuwa nyuma yetu, nahodha wake ni mzee, alipofika akaangalia tu kule mlangoni akatia nanga nje. Wakapika chai wakalala. Saa nane maji yalipokuwa yanaingia vizuri wakaja na kusi ile ile nyuma yao, na upepo wakati huo ulikuwa umezidi kuliko asubuhi, wakapita mlangoni bila hata kulowana. Upepo mkubwa zaidi, mlango ule ule, wakapita salama kwa sababu maji na upepo vilikuwa vinaelekea upande mmoja.

Ndiyo maana nasema tuwekeeni vitu vitatu pamoja.

Najua kuna watakaosema hayo wavuvi wanayajua kwa asili. Wazee ndiyo, wanayajua. Baba alijifunza kwa wavuvi wa Unguja na Pemba waliokuwa wanakuja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huku kwetu, wao walihesabu siku za mwaka kwa miongo, kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa wazee, ile ambayo watu wa Makunduchi wanaiadhimisha mwezi wa saba kwa Mwaka Kogwa, wakajua mwongo gani kusi inatulia, mwongo gani matlai, upepo wa mashariki, inaanza, lini kaskazi, ule wa kaskazini. Na maji alinifundisha kwa vidole. Mwezi mosi na mwezi 15 maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanapwa mida ya saa nne. Mwezi 8 na mwezi 22 inageuka, kujaa saa nne, kupwa saa kumi. Katikati yake kila siku unaongeza dakika 50. Na bamvua lenyewe haliji siku ya mwezi mpevu au mwandamo, linakuja siku moja mbili baadaye, na mabamvua ya mwezi wa tatu na wa tisa ndiyo makubwa kuliko yote ya mwaka.

Hesabu hii ni nzuri ila ina makosa yake, na makosa yake ndiyo yanayoumiza. Dakika 50 ni wastani. Wakati wa bamvua maji yanasogea kidogo, dakika 40 au hata pungufu, wakati wa maji mafu yanaruka zaidi ya saa nzima kwa siku moja, kwa hiyo ukihesabu kwa vidole kutoka mwandamo, ukifika mwezi 10 unaweza ukawa umekosea sana. Halafu vijana wengi siku hizi hata hiyo ya vidole hawana. Wanaingia baharini kwa sababu shamba halijalipa au pikipiki imeharibika, si kwa sababu baba zao walikuwa wavuvi, wanakuja na nguvu na simu.

Simu sikatai. Kuna programu za maji kwenye simu na mimi ninayo moja, lakini bando likiisha imeisha, na nyingi zinatoa saa za Tanga au Dar, za bahari ya wazi, hazijui habari za mto. Mtoni maji yanachelewa kugeuka. Bahari nje inaweza ikawa imeshaanza kujaa na mto bado unatoka kwa nguvu, masika ndiyo zaidi, maana mto huu unakuja na maji ya Kilimanjaro na Meru, sisi huku jua linawaka siku ya tatu na maji yanakuja mekundu na magogo kwa mvua iliyonyesha juu huko. Wakati huo chumvi inaingia chini kwa chini na maji matamu yanatoka juu, ukitupa mshipi unauona unakwenda upande mmoja halafu ukifika chini unarudi upande wa pili.

Na si mambo ya kuzama peke yake, hata riziki inataka hesabu hiyo. Mtu wa mshipi anayetafuta changu na chewa mwambani anapenda maji mafu, mkondo umelala, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, linakaa chini na unasikia samaki anavyogusa. Bamvua mshipi unalala kama kamba ya nguo, unamaliza chambo tu. Anayevua kaa na kamba kwenye mikoko yeye ndiyo anasubiri bamvua, maji yafike mpaka mikoko ya nyuma kabisa halafu yatoke yote. Watu wa dagaa wanafuata giza, taa haifanyi kazi kwenye mbalamwezi, kwa hiyo kuanzia mwezi 12 hivi mpaka 18 wanapumzika wanashona nyavu, na mchuuzi anayetoka bara akija siku hizo analala gesti anakula hela yake bure, naye angekuwa na karatasi ya kuangalia asingepanda basi.

Halafu kina mama. Shemeji yangu anachokoa pweza mwambani, yeye na wenzake wanakwenda siku za bamvua tu, saa mbili na nusu wanaanza kufuata maji yanavyotoka, saa nne wako mbali kabisa ukingoni, na siku moja moja mtu anasahau muda kwa sababu pweza wamekubali, akigeuka nyuma maji yameshaingia kwenye mfereji kati yake na pwani. Anarudi maji ya kifua, ndoo kichwani. Wenye mwani nao ni hivyo hivyo, kazi yao yote ni masaa mawili matatu ya maji makavu. Wengi wao hawana simu kubwa, wanauliza tu, leo mwezi ngapi?

Hata wanaoleta wageni Maziwe wanahitaji. Kisiwa kile kilitangazwa hifadhi mwaka 1975 na wazee wetu wanasimulia walivyokuwa wanapumzika chini ya mivinje yake, leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama lote. Ukikosea saa unamfikisha mgeni kwenye bahari tupu.

Kuhusu upepo na vimbunga, hapo kazi imefanyika na tuisifu. Kimbunga Hidaya mwezi wa tano 2024 kilitangazwa mapema, tukapandisha vyombo juu, boti za Unguja zikasimamisha safari, na kikafika Mafia Jumamosi ya tarehe 4. Ila niliangalia mwezi siku ile. Ulikuwa mwezi 25 mfungo mosi, yaani Shawali, siku nne kabla ya mwezi kuzaliwa upya, bamvua lilikuwa bado halijaja. Kingechelewa siku tano tu kingekutana na maji makubwa, na bahari inayosukumwa na kimbunga ikipanda juu ya maji ya bamvua inaingia majumbani. Sikumsikia mtu yeyote akilisema hilo hapa kwetu, na ni jambo ambalo mtu wa pwani alipaswa aambiwe pamoja na upepo, kwamba hatari ni saa hizi maji yakiwa yamejaa, saa hizi nyingine afadhali.

Sasa nachoomba hakichukui hata nafasi ya tangazo dogo. Kisanduku cha mistari mitatu. Mfano hivi: Ijumaa, mwezi 16, bamvua. Maji kujaa saa 10:40 alfajiri na 11:00 jioni, kupwa saa 4:50 asubuhi na 5:10 usiku. Upepo wa kusi, km 30 kwa saa, milangoni mwa mito tahadhari saa 1 mpaka saa 4 asubuhi na saa 1 mpaka saa 4 usiku. Basi. Iandikwe kwa saa zetu hizi za Kiswahili na tarehe ya mwezi mwandamo, kwa sababu mtu wa pwani akisoma mwezi 16 anaona bahari yote kichwani mwake, ukimwandikia 16:40 anaanza kwanza kutoa sita. Jedwali la mwaka mzima la maji lipo, bandari wanalitumia kuingizia meli, na upepo TMA wanautoa kila siku. Vikutane tu kwenye karatasi moja. Mkiweza wekeni Tanga, Dar, Mafia na Kilwa, na wa redio nao wasome hivyo hivyo jioni kabla watu hawajashuka diko.

Saa za mlango wa Pangani tutawasaidia wenyewe. Baada ya ajali ile tulichora alama kwenye nguzo moja hapa kivukoni, na mpwa wangu, mkono umepona ila haubebi nyavu vizuri, ndiye anayeandika kwenye daftari kila siku mto umegeuka saa ngapi na bahari imegeuka saa ngapi. Daftari la kwanza limejaa, la pili limefika katikati. Mkitaka kulinganisha na jedwali tutawatumia picha za kurasa zote.

Mvuvi, Bweni, Pangani