Radi haiingii kwa waya wa umeme tu

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi mvua ikianza wanazima kompyuta kwenye swichi na kukaa wakijua wamemaliza, kumbe radi iliyoruka maili nzima hewani haishindwi kuruka kaupenyo ka swichi, we chomoa plagi kabisa, tena kabla ngurumo hazijakaribia maana kushika nyaya radi ikiwa juu yako ni hatari. Halafu kuna huu waya wa intaneti unaotoka nje, huo ndo unasahaulika kila siku: umeme unapitia humo, unachoma ruta, unaingia kwenye kompyuta na printa, na ukiangalia plagi ilikuwa imechomolewa!

Na hizi ekstensheni za kuzuia umeme mkubwa, jamani, zile za kawaida zinachakaa. Ndani kuna kidude kinachomeza ule umeme wa ziada na kila kikipigwa kinapungua nguvu, kwa hiyo kale kataa ka ulinzi kakizima, tupa. Kama nyumba haina ethi nzuri, yaani ule waya wa kupeleka umeme wa ziada ardhini, muite fundi kwanza. Umeme ukikatika chomoa pia, ukirudi subiri dakika kadhaa utulie ndo uchomeke.

Msomaji wenu