Kaka, nenda ukapime presha

Kaka, shikamoo.

Uliniuliza kwenye simu kama na sisi akili zitatupotea kama mama. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua nyumba nyingi wanaulizana hivyo hivyo chinichini.

Kinachomsumbua mama si uzee mtupu, wala hakuna mkono wa mtu. Alipopata kiharusi tulishangilia mguu uliporudi. Akili hakuna aliyetuambia tuiangalie. Damu isipofika sehemu fulani ya ubongo, sehemu ile hufa na kazi yake hupotea. Ndiyo maana hali yake hutulia miezi, halafu inashuka ghafla. Juzi nilimkuta jikoni anaduwaa: majani ameshatia, sukari ameshatia, sufuria haina tone la maji. Majina yetu anayajua yote, hata ya wajukuu. Kinachomponyoka ni kipi kinatangulia na kipi kinafuata.

Baada ya kiharusi cha kwanza, takriban mtu 1 kati ya 10 hupata demensia, yaani huku kupungukiwa akili kama kwa mama. Kikirudi cha pili, idadi hupanda hadi zaidi ya theluthi. Ukisikia nagombana na mama kuhusu vidonge vyake vya presha, ujue ninaogopa hicho cha pili.

Sasa kurithi. Upo ugonjwa adimu uitwao CADASIL, unaotokana na hitilafu ya jeni ya NOTCH3. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu. Mara nyingi huanza na kipandauso, kisha viharusi mtu akiwa bado na nguvu zake. Mama alishavuka 70, na kabla yake hatujasikia kitu kama hicho kwetu. Kinachotembea kwenye ukoo wetu ni presha ya kupanda, ambayo huleta kiharusi: bibi, mama, mjomba, na mimi. Halafu tumerithi na jiko lenyewe, ng'onda na chumvi ya kuongezea mezani.

Presha inapimika, kaka, na inatibika. Umevuka 40 na hujawahi kupima. Nenda zahanati, usinywe kahawa kabla, kaa utulie dakika 5 ndipo wakupime. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine wahakikishe. Ukiandikiwa dawa usiziache kwa kuwa unajisikia mzima, maana presha haiumi.

Uende na wifi. Mkitoka, nitumieni namba zenu wote wawili.