Bunduki ya upepo haitaki springi kali

Ndugu Mhariri,

Wengi wanaojitengenezea bunduki ya upepo ya kulengea shabaha hukimbilia springi kali zaidi, kisha hushangaa risasi zikitapakaa kuliko mwanzo. Naomba nafasi niwatetee wanaoacha springi ya kawaida.

Springi husukuma pistoni, pistoni hubana hewa, hewa ndiyo inayotoa risasi. Springi ikizidi nguvu, pistoni hugonga ule mto wa hewa na kudunda nyuma. Nguvu huishia kwenye mtikisiko. Bunduki hupiga teke nyuma, halafu huruka mbele pistoni inaposimama. Teke hilo la pande mbili huvunja hata darubini inayostahimili bunduki ya baruti.

Faida iko kwenye kuziba na kulainisha. Weka kipande cha tishu juu ya ungio la mtutu na silinda, tia risasi, fyatua kuelekea kizuizi salama. Tishu ikipeperuka, oringi ya pale, yaani pete ya mpira ya kuziba hewa, imechoka. Hiyo ni dakika mbili, na mara nyingi ugonjwa wote uko hapo.

Ukilazimika kufungua, kumbuka springi imebanwa hata bunduki isipokokiwa. Pini ya nyuma ikichomolewa bila kibanio cha skrubu, vilivyomo hukurukia usoni. Pistoni ikishatoka, pitisha pamba kwenye kingo za mianya ya silinda. Inaponasa pana makali, na makali hayo ndiyo yatakayokata sili mpya, yaani kizibo cha hewa kilicho kichwani mwa pistoni, wakati wa kuiingiza. Yaondoe kwa msasa namba 400, umalizie na 600, kisha futa vumbi lote. Ule mwongozo unaopita katikati ya springi uwe wa kubana, springi iuingie kwa kusokotwa kidogo kwa mkono. Ukilegea, kila mfyatuo utasikia springi inalia.

Grisi ya molibdenamu ipakwe kama utando tu, ubavuni mwa pistoni na kwenye springi. Mbele ya sili usipake kitu. Mafuta ya injini yakifika huko, hewa inayobanwa ghafla hupata joto la kuyawasha, kama ilivyo kwenye injini ya dizeli. Kuna wanaofurahia kile kishindo na moshi wakidhani bunduki imepata nguvu, kumbe sili inaungua.

Komeo la kifyatulio, lile linaloshikilia pistoni, lisiguswe kwa tupa. Ugumu wake ni wa gamba la juu tu. Likiisha, chuma laini huachia chenyewe. Kwenye bunduki inayokokiwa kwa kukunja mtutu, mtutu utajifunga vidole vyako vikiwa bado vinaweka risasi. Kwa hiyo ushike mtutu muda wote unapojaza.

Nguvu nayo ina mipaka ya kisheria. Risasi ya gramu 0.5 ikitoka kwa mita 200 kwa sekunde ina nishati ya jouli 10. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo huvumiliwa bila leseni maalumu hadi takriban jouli 16. Ujerumani kikomo cha bunduki isiyo na kibali ni 7.5. Angalia sheria ya ulipo kabla ya kununua hata skrubu.

Baada ya kufunga, piga risasi kama 50 kabla ya kurekebisha darubini, maana za mwanzo huwa zinachoma grisi iliyobaki. Kisha pima mwendo wa risasi 10 mfululizo. Zikipishana sana, rudi kwenye oringi na sili.

Msomaji wako,
Fundi wa bunduki za upepo