Vigingi vionyeshe ziwa lilikofika

Mhariri,

Nastaafu mwakani baada ya miaka 31 ya kufundisha hapa Nairobi. Mimi na mke wangu tumekuwa tukitafuta ploti karibu na Ziwa Naivasha, tujenge nyumba ya uzeeni. Dalali alituonyesha nusu ekari ya kupendeza, hatua chache kutoka majini. Bei nafuu, hatimiliki ipo. Kisha mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe akatuita kando, akatuonyesha mgunga uliokauka na alama ya maji shinani, juu ya kiuno changu.

Mwaka 2020 maziwa ya Naivasha, Nakuru na Baringo yalivimba, na wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, wakahama nyumba zao. Upekuzi wa ardhi humtaja mwenye shamba na mikopo iliyowekewa dhamana, lakini kuhusu maji haukuambii lolote.

Naziomba serikali za kaunti zisimike vigingi pale maji yalipofika, mnunuzi avione hata kiangazi. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu. Sisi sasa tunatafuta mlimani, ziwa tulione kwa mbali.

Mwalimu, Kahawa West, Nairobi