Barua ya Wazi kwa Kaka Aliyeuliza Tamasha la Bure Lina Nini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Nairobi, wewe na wifi pamoja na watoto. Ningeweza kukupigia simu, lakini neno lako ulilitia katika kundi la simu la ukoo, mbele ya wajomba, mashangazi na hata watoto waliojua kusoma juzi, kwa hiyo na jawabu naona lifaa litolewe hadharani. Nilipotangaza kwamba tunakwenda Lamu kwa tamasha la utamaduni, na kwamba halina kiingilio, uliandika: "Cha bure mtaona nini? Wenye kitu cha maana hukata tiketi." Mjomba mmoja alikuunga mkono, wengine wakacheka, nami nikanyamaza kwa kuwa wakati ule sikuwa na ushahidi. Sasa ninao.

Nianze kwa kukupa haki yako: bure ni tamasha, si safari. Tulipanda basi Mombasa alfajiri ya Ijumaa, Mama akiwa amekaa dirishani na kikapu chake cha mahamri, tukapita Malindi, Garsen na Witu hadi tukashuka Mokowe, pale barabara inapokwisha na bahari ikaanza. Njia siku hizi ni lami, na lile vumbi tulilokula mimi na wewe utotoni, tulipopelekwa kwa jamaa za Bibi, sikuweza hata kuwaeleza wanangu likaeleweka. Pale gatini kijana wa boti alitutajia nauli maradufu ya ile ya kawaida kwa sababu, alisema, ni siku za sherehe. Mume wangu alianza kupatana naye kwa hoja. Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameshakaa ndani ya boti na mzigo wake wa ndizi, alimwuliza kijana yule ni mwana wa nani, na bei ikarudi mahali pake bila hoja yoyote.

Tulipofika mjini nilijikuta natafuta lango. Ni mazoea ya miji mikubwa, ambako sherehe huzungushiwa mabati na mlangoni akawekwa mtu wa kukagua mikoba. Lamu hakuna lango kwa sababu uwanja wa tamasha ni mji wenyewe: barabara ya pwani, vichochoro vya Mkomani na Langoni, na pale Mkunguni, mbele ya ngome. Unajua mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na unajua pia kwamba sifa kama hiyo huweza kuugeuza mji ukawa kabati la vioo. Hapa nguo zilikuwa zimeanikwa juu ya madari kama siku nyingine, punda wamebeba mchanga wa ujenzi, na anayetaka kupita na mzigo wake anapiga kelele upishe, uwe mgeni au mwenyeji. Watoto waliiulizia sana ngome, ambayo ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kumalizika mwaka 1821, na waliposikia kwamba hadi mwaka 1984 ilikuwa gereza, kabla ya kuwa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yule mdogo alikataa kuingia mpaka nilipomhakikishia kwamba milango haifungwi.

Jambo la kwanza lililonifanya nikukumbuke lilitokea jioni ileile. Mume wangu alimwona mzee mmoja amekaa barazani kwake anashona kofia, sindano ikiingia na kutoka katika kitambaa cheupe, akitengeneza viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi mmoja mmoja mpaka kofia nzima ijae nakshi. Akamsalimu, akamsifu, kisha akamwuliza kwa adabu zote kama yuko katika ratiba ya leo au ya kesho. Mzee alimtazama kidogo, akasema yeye anangoja Maghrib. Kofia ile ilikuwa mikononi mwake tangu kabla ya Ramadhani. Wala hakuwa anaiuza, kwani ilikuwa na mwenyewe tayari.

Jumamosi asubuhi tulishuka Mkunguni kwenye mashindano ya bao, na hapo ndipo ningependa ungekuwapo. Mbao zilipangwa kivulini, kila ubao na wazee wawili, na nyuma ya kila mzee watu kadha wamesimama wakitafuna ulimi ili wasiseme neno. Mwanangu wa miaka 9 alihesabu mashimo akapata 32, safu 4 za mashimo 8, akahesabu na kete lakini akachanganyikiwa, kwa sababu hajui kwamba nyingi bado zimo mikononi mwa wachezaji. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake, kikoi kimekunjwa magotini, alimwita: "Ndoo hapa, mwanangu." Mtoto akaangaza macho huku na huko, kisha akaninong'oneza, "Mama, anataka maji?" Wazee walicheka hata mmoja akapoteza hesabu ya kete alizoshika, ikabidi mwamuzi aje. Sisi tuliolelewa na Bibi tunajua kwamba Waamu, wenyeji wa Lamu, husema "ndoo" kwa "njoo", kama wasemavyo "mato" kwa "macho" na "mui" kwa "mji", lakini wanangu Kiamu walikuwa hawajapata kukisikia kwa masikio yao.

Mzee yule alimweka kando yake akamfundisha, bila haraka, kwa saa mbili nzima. Alimweleza kwamba kete zote ni 64, kila mtu zake 32, na kwamba mchezo huanza na 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwamba kwanza ni namua, ambapo unatia kete moja moja kutoka mkononi, na zikiisha ndipo inapoingia mtaji, ambapo huchezwa kete za ubaoni tu, na hapo ndipo watu wazima hujulikana. Alimwonyesha lile shimo la mraba liitwalo nyumba, lenye kete 6 za mwanzo. Mwanangu aliuliza kwa nini yule mchezaji wa mbele yetu hazichukui kete zake za nyumbani na zimeshajaa vile, azitembeze zote ubao mzima. "Nyumba haivundwi kwa pupa," mzee alimjibu, na sekunde chache baadaye mchezaji wa upande wa pili aliivunja ya kwake, kete zikamlalia shimo moja kabla ya mahali alipotaka, na watazamaji wote wakavuta pumzi kwa pamoja kama watu walioona mtoto anateleza gatini.

Kaka, wale wazee hawakutuchezea sisi. Wanacheza kila alasiri, mwaka mzima, tamasha liwepo lisiwepo; kilichoongezwa siku ile ni mwamuzi, meza yake na zawadi. Mgeni mmoja mwenye kamera kubwa aliinama juu ya ubao akaziba mwanga, akaambiwa asogee, bila samahani wala tafadhali. Kama yule mgeni angekuwa amekata tiketi, mchezaji angekuwa na deni kwake, na labda angevumilia kivuli chake. Hapa hakukuwa na deni la upande wowote. Hicho ndicho nilichotaka kukujibu ulipoandika kuhusu wenye kitu cha maana: watu hawa kitu chao kina maana kwao kwanza, na sisi tuliruhusiwa kusimama karibu.

Mchana ulikuwa wa mbio za punda, na wanangu hawana habari nyingine tangu warudi. Wapanda punda wa Lamu hukaa nyuma kabisa, karibu na mkia, bila matandiko, na barabara ya pwani ilikuwa imejaa watu pande zote mbili hata wengine wakasimama ndani ya mashua zilizofungwa ukutani. Binti yangu alimtambua punda mmoja kwa sikio lililokatika ncha, kwa sababu asubuhi tulimpisha kichochoroni akiwa na magunia ya mchanga. Punda yule alitoka vizuri, akawa wa tatu, labda wa pili, kisha katikati ya mbio akakata kona ghafla akaingia kichochoro kilekile cha asubuhi, kijana wake akimpigia kelele mgongoni. Alikuwa anapeleka mchanga. Kicheko kilichofuata sijakisikia katika ukumbi wowote niliowahi kulipia.

Sasa nikueleze yaliyoniudhi, usije ukasema nimetumwa. Ratiba ilikuwa karatasi tu, kwani kilichoandikwa saa nne kilianza saa sita. Vyoo vilikuwa vichache kwa umati ule, na wenye nyumba za jirani ndio waliotuokoa, jambo ambalo hakuna ratiba iliyowashukuru. Hotuba za wakubwa, jioni ya Jumamosi, zilikuwa ndefu kiasi kwamba wacheza goma, ngoma ya wanaume, waliokwisha kupanga mstari na kanzu zao na bakora zao, walilazimika kukaa chini tena.

Baada ya hotuba na goma walitoka akina mama wa vugo, na hapo Mama yetu hakuwa upande wangu. Walikuwa safu nzima, leso zimelingana, kila mmoja na pembe mkononi na kijiti cha kuigongea, wakiimba kwa kupokezana. Mimi niliona uzuri. Mama aliuliza, kwa sauti iliyosikika safu tatu mbele, "Vugo hupigiwa bi harusi. Bi harusi yuko wapi?" Mwanamke aliyekaa jirani naye alimjibu kwamba harusi za siku hizi zimekodi spika, na wasichana hawa wasiposikia vugo hapa hawataisikia kokote. "Waisikie harusini," Mama akasema. Walibishana hivyo mpaka nyimbo zikaisha, kila mmoja akimkatiza mwenzake ili asikose beti inayofuata, na mwisho wakapeana nambari za simu.

Nimelifikiria sana jambo hilo, na naona Mama ana hoja. Bao linahitaji watu wawili na kivuli, na vyote vilikuwapo. Vugo ina mtu inayemwimbia, na shangazi zake wanaotaniwa, na usiku wake maalumu. Ukiitoa hapo ukaiweka mbele ya ngome, pembe zinalia sawasawa lakini maneno hayana wa kuyapokea. Yule mwanamke naye hakukosea kuhusu spika. Sina suluhisho, ila nakuarifu kwamba binti yangu hagusi tena vijiko viwili bila kuvigonganisha, na Mama, anayepinga, ndiye anayemsahihisha mapigo.

Jumapili asubuhi tulikaa ukutani kutazama mashindano ya mashua katika mkono wa bahari ulio kati ya Lamu na kisiwa cha Manda. Kusi lilikuwa limekwisha na kaskazi bado haijashika, kwa hiyo upepo ulikuwa wa kubembelezwa, unakuja unakatika. Kwenda mashua zote ni nzuri. Ujuzi ulionekana katika kurudi, walipolazimika kupiga bisho, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa kupindapinda, foromali, ile boriti inayobeba tanga, ikihamishwa mbele ya mlingoti kila wanapogeuka, mabaharia wakirusha viroba vya mchanga upande wa joshi, unakotoka upepo, kisha wakijitupa wao wenyewe nje ya ubavu mpaka migongo ikagusa maji. Nahodha mmoja tulimsikia waziwazi kutoka pwani, kuliko kipaza sauti, na Mama aliwaziba masikio watoto. Kamba ya tanga lake ilikatika karibu sana na mwisho, tanga likapepea kama leso iliyoanikwa, na mashua iliyokuwa ya pili ikampita taratibu, wala mabaharia wake hawakumcheka. Mmoja wao alimrushia kamba.

Tuliondoka baada ya Adhuhuri kuwahi basi. Katika boti ya kwenda Mokowe mwanangu alitaka kujua ni nani katika ukoo wetu anajua bao, nikamwambia babu yake alijua, na kwamba ubao wake upo. Hapo ndipo aliponiuliza uko wapi, na ikanilazimu kumwambia ukweli: uko sebuleni kwako, juu ya kabati la televisheni, na mashimo yake yana funguo za gari, sarafu na betri zilizokwisha.

Kaka, naomba uziondoe betri hizo na uutume ubao kwa basi la usiku, umefungwa kwa blanketi, nasi tutaupokea Mombasa asubuhi. Kete usihangaike nazo. Yule mzee alimpa mwanangu komwe 64 ndani ya soksi, akamhesabia mbele yake, ingawa sasa ziko 63, kwa kuwa moja ilimponyoka binti yangu ikaingia chini ya mbao za boti.

Ni mimi mdogo wako,
Mombasa