Karabai za ziwani zisiuzwe kwa kilo

Mhariri,

Taa za LED zimeenea Ziwa Tanganyika na sina neno nazo. Hazili mafuta ya taa, na mvuvi halazimiki kubadilisha utambi usiku wa manane chombo kikiyumba. Kinachoniuma ni kuona karabai, zile taa za mafuta za kupampu, zilizovua dagaa na migebuka kwa miongo mingi zikipondwa kwa nyundo ili zienee kwenye gunia la vyuma chakavu. Nawaomba wenye karabai kuanzia Kibirizi na Katonga hadi Ujiji na vijiji vya mwambao wasizipeleke mizani kabla ya kuzikagua. Nyingi zinazoitwa mbovu ugonjwa wake ni ngozi ya pampu tu, au vavu.

Anza kwa kusoma chapa kwenye tangi na kwenye kofia. Petromax ilianzia kwenye kiwanda cha Ehrich & Graetz cha Berlin, na jina lenyewe linatokana na "Petroleum", yaani mafuta ya taa kwa Kijerumani, na Max Graetz, mwenye kiwanda. Ikiandikwa "West Germany", imetengenezwa baada ya 1949. Zipo pia Optimus na Primus za Sweden, Tilley ya Uingereza, Coleman ya Marekani, na za Kichina kama Anchor na Butterfly. Usizidharau za Kichina: nazo zimelisha watu, na vipuri vyake vingi vinaingiliana na vya Petromax. Namba 350 au 500 ni nguvu ya mwanga kwa kipimo cha mishumaa. Chapa hiyo ndiyo cheti cha taa, kwa hiyo usiiguse kwa msasa wala usiipake rangi.

Kabla ya kiberiti, pima tangi. Mwaga mafuta ya zamani, ambayo mara nyingi yamegeuka rangi ya chai na kunata. Suuza kwa mafuta ya taa safi kidogo, tikisa, mwaga, rudia hadi yatoke meupe. Kisha jaza maji karibu na mdomo, funga, pampu mpaka mshale wa geji ufike kwenye alama nyekundu, halafu zamisha tangi kwenye ndoo. Tangi likiwa na maji mengi na hewa kidogo, hata likipasuka halirushi vipande. Viputo vikitoka kwenye kifuniko, tatizo ni washa yake ya mpira. Vikitoka kwenye maungio ya kitako, hiyo ni kazi ya lehemu, na fundi asilitie moto tangi ambalo limebaki na mvuke wa mafuta. Alijaze maji hadi karibu na sehemu anayochoma. Kitako kilichotuna kwa nje kimeshazidiwa na presha siku nyingi. Taa hiyo isafishwe iwekwe rafuni, isiwashwe tena.

Sasa pampu, maana hapa ndipo karabai nyingi hufia. Ukipampu mkono ukaenda mwepesi bila kukaza, ngozi imekauka na kusinyaa. Itoe, iloweke kwenye mafuta ya injini masafi usiku kucha, ipanue mdomo taratibu kwa kidole, irudishe. Usiilainishe kwa mafuta ya taa, kwa sababu yanazidi kuikausha. Kama imechanika, kata duara la ngozi laini ya ng'ombe, unene milimita 1.5 hadi 2, upana ukizidi tundu la pampu kwa milimita 6 hadi 8. Loweka kwenye maji ya moto, isukume ndani ya bomba lenye ukubwa wa pampu ili ijikunje iwe kikombe, iache ikauke humo humo, ndipo uitie mafuta. Mdomo wa kikombe huelekea chini, upande wa tangi. Ukiugeuza juu, utapampu mpaka alfajiri na geji haitatikisika.

Dalili ya vavu ni tofauti: mpini wa pampu unapanda wenyewe, au ukiuchomoa unakuta mafuta yamejaa ndani ya bomba la pampu. Vavu imekaa chini kabisa ya bomba hilo na inahitaji bisibisi ndefu inayojaa vizuri kwenye mfereji wake. Bisibisi nyembamba huula mfereji, na hapo vavu haitoki tena. Ndani mna springi na kipande kidogo cha mpira. Wengi hukata mpira wa tyubu ya baiskeli, na unafanya kazi wiki moja hivi kisha unavimba, kwa kuwa mpira wa tyubu hunywa mafuta. Tumia mpira wa oringi au sili za pampu ya dizeli. Onyo hilo ni kwa washa zote za karabai.

Kwenye bomba la mvuke mna masizi magumu. Yakwangue kwa waya laini wa shaba. Jeti iliyo juu yake ina tundu jembamba kama unywele, na ndiyo iliyoharibiwa zaidi na mikono yetu wenyewe: watu huizibua kwa sindano ya kushonea, tundu linapanuka, mafuta yanazidi hewa, taa inatoa moto wa njano na moshi. Jeti iliyopanuliwa haina dawa ila kuibadilisha. Lakini kabla ya kuilaumu, pulizia bomba la hewa. Karabai iliyokaa stoo hujengewa humo na nyigu na buibui, na dalili zake ni zile zile. Tazama pia nafasi kati ya jeti na mdomo wa bomba la kuchanganyia: kwenye Petromax ya 500 ni milimita 14 hadi 15 hivi.

Taa inayopumua, mara inang'aa mara inafifia, kwa kawaida haikupashwa moto vya kutosha. Jaza kikombe cha spiriti mara mbili, siyo moja, acha kila kimoja kiishe chenyewe. Mafuta yawe robo tatu ya tangi, hewa ipate nafasi. Tangi la lita 1 huwaka kwa muda wa saa 8 hivi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli yasitiwe kamwe. Mtu mwenye shaka aitumie taa yake kama pambo.

Kuhusu utambi, kile kifuko cheupe: mwanga wake ni ugunduzi wa Carl Auer von Welsbach wa Austria, aliyepata mwaka 1891 mchanganyiko wa thoriamu asilimia 99 na seriamu 1. Thoriamu ina mionzi kidogo. Utambi wa zamani ukivunjika, usipulize vumbi lake. Lifute kwa kitambaa kibichi, kitupe, nawa mikono. Ufunge mikunjo ikigawanyika sawasawa, uuchome kabla ya kupampu, na baada ya hapo usiguse kabisa.

Usafishaji wa nje ni maji ya sabuni na kitambaa. Shaba iliyo wazi ikubali ndimu dakika mbili tatu kisha isuuzwe sana. Palipo na nikeli pasiguswe na waya wa kusugulia masufuria, kwani nikeli ikishatoka hairudi kwa mikono ya nyumbani.

Wakati mzuri wa kazi hii ni mbalamwezi, vyombo vikiwa vimepanda ufukweni na wazee wenye kumbukumbu wapo. Waulizwe taa ilinunuliwa wapi, ilifungwa upande gani wa chombo, ilivua mwalo gani, na majibu yaandikwe kwenye karatasi ifungwe mpinini. Makumbusho ya Livingstone pale Ujiji yangefaa kuwa na kona ya uvuvi wa usiku. Karabai mbili tatu zenye karatasi zake zingetosha kuanza. Na mwenye karabai isiyofaa hata kwa pambo asiipeleke mizani nzima: atoe kwanza kofia, geji, jeti na gurudumu la sindano inayozibua jeti, kwa sababu kuna mtu mwaloni anavitafuta.

Fundi wa karabai,
Ujiji, Kigoma