Mashine zilizosahau mabingwa wake

Mwanangu Zuhura,

Hujambo mama? Sisi huku Moshi wazima, isipokuwa mdogo wako anakohoa kidogo kwa hii baridi. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku: fundi amefuta kila kitu kwenye simu, alama zako za gemu zimekwenda na maji, na wenzako bwenini wanasema ulikuwa unawapiga fiksi. Pole sana. Ila mimi mwalimu wa elektroniki siwezi kukuachia pole tupu.

Yale makabati ya gemu yaliyojaa Marekani na Japani baada ya gemu ya Space Invaders kutoka mwaka 1978, ya kusimama na kutumbukiza sarafu, yalikuwa na ugonjwa huohuo, tena uliokomaa. Chukua Asteroids ya kampuni ya Atari, ya mwaka 1979, gemu ya kuendesha chombo cha angani na kupasua mawe. Ukifanya vizuri unaandika herufi tatu za jina lako kwenye orodha ya mabingwa, na vijana walitembea kifua mbele kwa herufi hizo tatu. Usiku mwenye ukumbi anazima umeme, orodha inafutika yote, kwa sababu ilikaa kwenye kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu. Asubuhi hakuna bingwa.

Halafu nafasi ya alama ilikuwa na tarakimu tano. Ukifika 99,990, unapasua jiwe moja zaidi na hesabu inaanza upya kwenye sifuri, kama mita ya daladala kuukuu. Novemba 1982 kijana wa miaka 15 wa New Jersey, Marekani, Scott Safran, alicheza Asteroids kwa sarafu moja zaidi ya siku mbili mfululizo. Aliwezaje kula na kwenda msalani? Kila alama 10,000 mashine ilikupa chombo cha ziada, kwa hiyo fundi wa kweli aliviweka akiba, akaondoka, akaacha vichache vigongwe na mawe, akarudi. Alimaliza na alama 41,336,440. Yaani hesabu ilirudi sifuri mara 413. Ungeingia ukumbini dakika ile ya mwisho ukaamini kioo peke yake, ungesema kijana huyu amepata 36,440, na ungeondoka zako.

Rekodi ile ilikaa hadi mwaka 2010, John McAllister alipoipita kwa alama 2,300 tu. Safran mwenyewe hakuwepo. Waliokuwa wakimtafuta miaka mingi wampe heshima yake waligundua kwamba alifariki mwaka 1989, kwa kuanguka akijaribu kumwokoa paka wake.

Waliomtafuta ni watu wa Twin Galaxies, watunza rekodi za gemu, na hapa ndipo nilipotaka ufike. Walter Day alifungua ukumbi wa gemu wa jina hilo Novemba 1981 huko Ottumwa, mji mdogo wa jimbo la Iowa, Marekani, nchi ya mahindi na nguruwe. Kabla ya hapo alikuwa amezunguka kumbi nyingi akinakili alama za juu alizozikuta. Februari 1982 akatangaza kwamba ukumbi wake ndio utakaotunza rekodi, na wachezaji wakaanza kupiga simu. Mwisho wa mwaka meya akaupa mji wake jina la mji mkuu wa gemu za video duniani. Mji haukuhitaji kuwa na mashine bora kuliko miji mingine. Ulihitaji mtu mwenye daftari. Mimi namhesabu Day kuwa bingwa kuliko wengi aliowaandika, ingawa najua utabisha.

Ukumbini mwake humo, Januari 1984, Tim McVey wa miaka 16 alimaliza kazi ambayo wengine walikuwa wameshindwa: alama bilioni moja kwa mchezo mmoja. Mchezo wenyewe ni Nibbler, nyoka anayekula vitone na kurefuka hadi anaanza kujigonga mkia. Saa 44 na ushee kwenye kijiti kimoja, akamaliza na 1,000,042,270. Nibbler ilikuwa na tarakimu tisa, kwa hiyo nayo ilimlipa hisani yake kwa kurudi sifuri. Mji ukamtengea siku yenye jina lake.

Najua utaniuliza, si wangeongeza tarakimu? Kumbukumbu ilikuwa ghali, na waliotengeneza hawakudhani binadamu angefika huko. Pac-Man ya mwaka 1980, ile ya mdomo wa njano unaokula vitone huku ukifukuzwa na mizimu, ndiyo inayonifurahisha zaidi, hata darasani huwa naitaja. Namba ya hatua ilihifadhiwa kwenye biti nane, yaani nafasi nane za sifuri au moja, na biti nane mwisho wake ni 255. Ukifika hatua ya 256, sehemu ya programu inayochora matunda chini ya kioo inachanganyikiwa, inachora kupita kiasi, na nusu ya kulia inajaa herufi na namba zisizo na maana. Vitone havitoshi kukuvusha. Waliofika pale walikuwa wamekariri njia kabisa, maana mizimu ya gemu ile haibahatishi: ukipita vilevile, nayo inakufuata vilevile. Alama za juu kabisa zinazowezekana ni 3,333,360, na ya kwanza kutambuliwa ni ya Billy Mitchell, mwaka 1999.

Basi mama, ukirudi kwenye gemu yako, mwombe mwenzako arekodi video kwa simu yake, akuoneshe wewe na kioo kwa pamoja, tangu mwanzo. Picha ya kioo peke yake haitoshi, watabisha tena.

Ada ya bweni nimetuma jana, angalia kama imefika. Na ukija likizo usinicheke nikikuomba simu yako nicheze. Mwaka 1984 Doris Self aliweka rekodi ya dunia ya gemu ya Q*bert akiwa na miaka 58, na mimi sijafika huko bado.

Mama yako